Manyeto Iko kwa Kambale

Ninyi vijana munaotupa motere nzima juu ya segma moja, ile pete ya pistoni, mukae kidogo. Wekeni simu chini. Mimi ni Kambale, fundi wa Mususa, hapa Butembo. Hapana Kambale wa matofali, hapana Kambale wa nguo, hapana ule mwalimu. Kambale wa motere. Wakati bega yangu ilikuwa ingali nzima, kutoka Kasindi mupaka Oicha, mutu akiwa na mashine ya kizee iliyokataa kusema, batu balimwambia neno moja tu: "Peleka kwa Kambale." Nilisoma primaire kidogo, masomo ikanishinda, ao mimi niliishinda, sijui. Lakini hakuna motere ya zamani iliyoingia atelie yangu ikatoka kwa mugongo wa mutu. Zote zilitoka zikinguruma.

Kwanza muelewe habari ya majina, juu bila ile hamutaelewa kitu. Kwetu Wanande jina inakuja na zamu ya kuzaliwa. Mutoto mwanaume wa kwanza ni Mumbere ao Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, na vile kuteremuka. Ukiita "Kambale!" katika soko ya Butembo, wanaume batageuka mustari muzima, na pengine mbuzi moja. Sisi tumezoea. Tunacheka. Lakini kuna siku ile jina ilitaka kunifanya mwizi, na hiyo njo ninataka kuwaambia.

Patron wangu alikuwa Muzee Gervais. Yeye alijifunza kazi mbele ya uhuru, katika shamba la kahawa la Muzungu moja karibu na Oicha. Muzungu alimupa kitambaa ya kupangusa, yeye akaiba ufundi kwa macho. Uhuru ilipofika, Muzungu akaenda, halafu rebellion ya kwanza ikakuja, na Gervais akapanda Butembo na muke yake, Mama Masika, akafungua mashine ya kusaga. Mimi nilikuja kwake kijana mwenye ndevu tayari, mwenye kujua kila kitu. Alinipa buji, ile ya kuwasha moto mu motere, akaniuliza: "Hii inasema nini?" Nikamwambia: "Ni chafu." Akasema: "Chafu ya namna gani, weye? Nyeusi ya mafuta ao nyeusi ya masizi?" Sikujua. Akanirudisha kupangusa sakafu mupaka nilipojua. Mafuta inasema segma imechoka. Masizi makavu inasema motere inakula esanse mingi, ile petroli, na hewa kidogo. Mukumbuke hiyo, ni bure.

Na piesi, vipuri? Ninyi munaenda kutafuta piesi na midomo. Mutu anayeenda sokoni na maneno anarudi na maneno. Beba ile ya kizee mukononi, hata kama imevunjika. Kama ni kubwa, pima na kamba, funga fundo pale inapoishia, weka kamba mufukoni. Joint, ile ya kuziba mafuta isivuje, unakata mu karto ya sabuni, unaipakaa mafuta, inadumu kuliko ile ya Dubai. Na kabla ya kununua piesi yoyote, angalia kwanza kama motere iko mugonjwa kweli. Mutu wa Beni alinipelekea motere, alikuwa amebadilisha buji, amebadilisha karburatere, amebadilisha fundi mara nyingi. Nilichukua kijiti, nikaingiza mu tundu ya moshi, nikatoa nyumba ya nyigu. Ikawaka. Akaniangalia kama ninafanya dawa. Nilimuacha aamini hivyo.

Basi. Muzee Gervais alikufa mwanzoni mwa ile vita ya pili, wakati barabara ilikuwa ya mutu mwenye bunduki. Alikufa kitandani, ya Mungu tu. Mama Masika alikuwa kando yake. Akamwambia: "Mukubwa analala chini ya migomba, nyuma ya choo ya zamani. Manyeto iko kwa Kambale." Kisha hakusema tena.

Lile neno la "mukubwa analala" halikuwa geni. Akikunywa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, alikuwa analisema polepole na kutikisa kichwa. Sisi wote tulifikiri ni kaka yake aliyepotea wakati ya rebellion ya kwanza. Tuliona ni huzuni, tukanyamaza.

Haikukawia, basoda benye bunduki bakabeba motere ya mazutu, ile ya dizeli, ya Mama Masika. Balisema ni ya kuazima. Mashine ya kusaga ikabaki kama mudomo bila meno. Yule mama alikuwa analisha nyumba nzima na ile unga, watoto na wajukuu, na sasa batu balipita na mihogo yao kwenda kwa wengine. Ndipo alikuja atelie asubuhi moja, na jembe begani.

"Kambale, tuende tuchimbe."

"Tuchimbe nini, mama?"

"Mukubwa."

Nilirudi nyuma. "Mama! Kaburi?"

"Nimefikiri sana," akasema. "Alitaja mukubwa, akataja manyeto. Maiti ina kazi gani na manyeto ya motere?"

Yule mwanamuke hakuwa fundi, lakini siku ile alinipita. Lakini shemeji yake, Anselme, mudogo wa marehemu, hakutaka. Alisimama mbele ya migomba na mikono wazi: "Munafukua kaka yetu! Laana itatumaliza!" Wakati jembe iligonga kitu, ikalia ngiing, jirani zote zilikimbia, na Anselme ndiye alikuwa mbele.

Mimi nilibaki. Tulitoa udongo na mikono. Kwanza ilikuwa blanketi ya jeshi, nyekundu ya mawese, iliyokuwa ngumu kama gamba. Niliikata. Ndani ilikuwa motere.

Vijana, sijui niwaambie namna gani. Ile chuma iliingia udongoni wakati mimi sijazaliwa. Muzee alikuwa ameilaza juu ya mawe, kwenye muteremuko, ili maji ipite chini yake. Tundu zote alikuwa ameziba na nta ya nyuki. Nilipangusa na kidole, na rangi ya kijani ikaniangalia, na shaba ya tangi ikang'aa ile jua ya asubuhi kama ilipakwa jana. Magurudumu mbili nzito, moja kila upande, na mikono yake imepinda kama shingo ya ng'ombe. Ilitengenezwa na batu benye hawakuwa na haraka. Nilivua kofia. Mama Masika aliona, akavua kitambaa ya kichwa pia, tukasimama pale kama batu ba misa.

Lakini upande wa kuume, pale manyeto inakaa, palikuwa wazi. Skuru nne za kushikia zilikuwa zimerudishwa kila moja mahali pake, na nta juu. Manyeto njo inatoa moto wa buji. Bila yeye motere ni jiwe.

Sasa Anselme alirudi, na sauti ingine. Kamio, lori ya muchuuzi wa Kasindi, ilikuwa inapakia feraye, chuma ya kufa, ikingojea barabara ifunguliwe. Akasema hii chuma ni ya ukoo, iuzwe. Mama Masika akasema ni ya kusaga. Bakapeleka neno kwa bazee, mu kyaghanda, pale wanaume banakaa kwenye moto kukata maneno ya ukoo. Mimi niliitwa kama mujuzi. Nilivaa viatu.

Muzee wa ukoo alisikiliza wote, akasema: "Chuma ni ya ukoo. Mashine ni ya mwenye kusaga. Kabla ya kamio kuondoka, ikisema, ni mashine. Ikinyamaza, ni chuma."

Kila mutu akaona ni hukumu nzuri. Ndipo Anselme akageukia mimi, anacheka na meno tu.

"Na kaka alisema manyeto iko kwa nani?"

"Kwa Kambale," akajibu Mama Masika.

"Na huyu fundi wa kila siku nyumbani mwake, jina yake ni nani?"

Bazee wote bakanigeukia.

"Mimi? Mimi sijawahi hata kuiona!"

"Unajisifu hakuna piesi unakosa kupata," akasema Anselme. "Basi pata hii. Toa tu, mwana wetu. Hatutakuitia polisi."

Batu balicheka. Mimi, jina yangu njo ilikuwa duka yangu yote. Mutu anakuachia motere yake alale usingizi sababu anajua hautamutolea piesi na kuuza. Jina ikioza, atelie inabaki na vyombo na panya. Nilimwangalia Mama Masika. Hakucheka. Alisema tu: "Kambale, kama haiko kwako, iko kwa Kambale mwingine. Umutafute." Hata leo ninashukuru ile maneno.

Nikaanza. Niliwatafuta Bakambale wote ba kizee ba Butembo. Moja alikuwa kipofu, akashika mukono yangu, akanieleza habari ya ng'ombe. Moja alinifukuza akifikiri ninatafuta deni. Moja alisema, "Ndiyo, manyeto ninayo," akanipeleka ndani, akanionyesha redio. Kila jioni Anselme alipita mbele ya atelie: "Eh, Kambale! Umemupata Kambale?" Batoto ba barabara bakafanya wimbo.

Pale nikafikiri: Muzee alijifunza kazi Oicha. Kambale wake atakuwa wa kule. Nilipanda gari mupaka Beni, kisha kinga, baiskeli ya kuazima, kuelekea Oicha. Mu bariere askari moja, kijana, Lingala yote, alinyoosha bunduki yake ya kulegea.

"Vieux, okei wapi?"

Alikuwa ananiita vieux, muzee, na mimi nilikuwa kijana! Nikamwambia ninaenda Oicha, kwa Kambale.

"Kambale nani?"

"Sijui."

"Wewe jina yako?"

"Kambale."

Alimwita mwenzake. "Yaka koyoka, kuja usikie! Huyu ni Kambale, anaenda kwa Kambale, hapana jua ni Kambale nani." Mwenzake alicheka mupaka alikaa chini. "Muache apite," akasema, "huyu si jasusi. Jasusi inakuwaga na akili." Nilipita. Ile siku kujisifu nilifunga mufukoni.

Oicha nilipelekwa kwa Muzee Katembo, mutu wa mwisho aliyekuwa amefanya kazi kwa ule Muzungu wa kahawa. Alikuwa anaanika kakao mbele ya nyumba, anageuza na miguu. Nilimusalimia kwa Kinande, "Wavukire, tata," nikaketi, nikakula kwanza viazi alivyonipa. Kisha nikasema ninatafuta Kambale, aliyekuwa kazini pamoja na Gervais, kwenye mamotere.

Akaacha kugeuza kakao.

"Kambale? Ule wa Muzungu?"

"Ndiyo, tata. Ni muzima?"

"Muzima hapana. Alipasuka kifua zamani. Lakini yuko pale nyuma."

Nilifikiri kaburi. Nikasimama na heshima, nikamufuata. Nyuma ya nyumba kulikuwa kibanda ya bati ya kutu. Ndani yake kuku zilikuwa zimetaga, na zilikuwa zimetaga juu ya motere. Magurudumu mbili nzito. Mikono ya kupinda. Sawa na ile ya Butembo kama mutu na pacha yake, ila silinda ilikuwa na ufa kutoka juu mupaka chini.

"Huyu njo Kambale," akasema Muzee Katembo. "Alifika na kamio ya pili. Wa kwanza tulimwita Mumbere. Gervais alimubeba wakati ya kukimbia rebellion, sikujua alimufikisha wapi." Akaniangalia machoni. "Mumbere, yeye, angali muzima?"

Nilikaa chini pale kwenye mavi ya kuku. Mukubwa analala. Muzee alikuwa ametuambia wazi miaka yote! Sisi tulisikia mutu ambapo alisema motere, tukachimba, tukajua tulikosea, kisha tukarudia kosa ileile na jina ingine. Ni Munande tu anaweza kupotea hivyo: kwa Muzungu Kambale ni jina, kwetu Kambale ni wa pili, wa pili wa kitu yoyote. Hata ya chuma.

Nilieleza Muzee Katembo yote, kamio, bazee, Anselme. Alifukuza kuku moja moja, bila haraka, akiziomba radhi. Kisha akanionyesha kifuniko ya chini, pale mafuta inakaa. "Gervais aliifunga mwenyewe. Aliniambia: mwizi anatafuta motere inayosema, hapana fungua aliyekufa. Niliilinda. Sikujua ninalinda nini."

Skuru zilikuwa za kutu. Hapa musikie vizuri: skuru ya zamani usiilazimishe. Tia mafuta ya taa, gonga kichwa yake kidogo kidogo na nyundo ndogo, kaza kwanza kama unataka kuifunga zaidi, kisha fungua. Zilikubali. Nikaingiza mukono mu tumbo ya Kambale, nikagusa nta.

Ilikuwa manyeto, mu kipande ya shuka, mu nta nzito kama mukate. Na mbele ya sumaku yake Muzee Gervais alikuwa ameweka kipande ya chuma, imeishika. Mimi nilijua maana yake. Sumaku ikikaa bure bila chuma ya kushika, inachoka, inasahau kazi. Alikuwa ameipa kitu ya kushika miaka yote. Mutu alikimbia vita, bunduki nyuma yake, na alikumbuka kuipa sumaku kitu ya kushika.

Nilitaka kumulipa Muzee Katembo. Alikataa. "Mudogo amemupa mukubwa yake. Ni hivyo inapasa. Lakini Mumbere akisema, wewe utarudi, umuambie huyu."

"Nimuambie nani?"

"Kambale. Alikuwa anamusikia kila siku, kisha kimya."

Nilimwahidi vile unaahidi muzee, ukifikiri ni maneno ya uzee.

Kurudi Butembo, nilikuta kamio imepakia mupaka juu, turubai imefungwa. Barabara ilikuwa imefunguliwa. Anselme na dereva balikuwa tayari ndani ya lupango, kiwanja ya Mama Masika, na kamba ya kukokota. Bazee balikuja na viti. Mama Masika alikuwa amekaa juu ya tangi ya motere, miguu imekunjwa, na hakuna mutu alithubutu kumuondoa.

"Umemupata Kambale?" akauliza Anselme.

"Nimemupata. Anakusalimia."

Kabla ya safari nilikuwa nimemwaga mafuta ya taa na mawese ndani ya silinda, ili pistoni iachie polepole, na Mama Masika alikuwa ananitikisia gurudumu mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama unabembeleza mutoto. Ilikuwa inazunguka. Sasa manyeto niliiweka karibu na makaa, mbali ya kutosha mukono uvumilie, iteme maji. Dereva akapiga honi. Nikasafisha pale moto inaruka ndani yake, na ubavu ya sanduku ya kiberiti. Honi tena. Nikafunga skuru zile nne, na kila moja iliingia kama inarudi nyumbani.

Nilitia esanse, nikashika manivela, ule mukono wa kuzungusha motere. Mara ya kwanza, kimya. Mara iliyofuata, ilikohoa, ikanirudishia manivela, na bega yangu ikalia. Hapo njo iliharibika, ile bega munayoiona, daktari alikuja kumaliza tu. Anselme alisema, "Chuma," akaokota kamba. Nilihamishia manivela mukono wa kushoto. Nikasema ndani ya roho: Mumbere, mudogo yako amekurudishia yako.

Puh. Kimya ndefu. Puh. Puh-puh. Moshi mweupe ya mawese ya zamani ilitoka, harufu kama sikukuu, na magurudumu zile mbili zikachukua ile mwendo yao ya utulivu, na udongo ulitetemeka chini ya viti ya bazee. Muzee wa ukoo alivua kofia. Hata dereva wa kamio alizima motere yake ili asikie.

Tulivuta mukanda toka gurudumu mupaka mashine ya kusaga, na Mama Masika akamimina mihogo. Unga wa kwanza alichota na kiganja, akampelekea Anselme. "Shemeji, onja chuma."

Alionja. Ningesema alitubu, lakini alisema tu unga ungali mubaya kidogo, isagwe tena. Ni mutu wa ukoo.

Tangu siku ile jina yangu ilipanda. Balisema Kambale wa Mususa alimufufua motere aliyezikwa. Sikukatalia mutu.

Barabara ya Oicha ilifungwa tena, muda murefu. Ilipofunguliwa nilikwenda. Muzee Katembo alikuwa amefariki, kakao ilikuwa inaanikwa na bengine. Walinipa ruhusa kuingia nyuma. Niliangalia kushoto, niliangalia kuume, mutu muzima hapana taka kuonekana anaongea na chuma. Kuku moja tu. Nikainama kwenye ule ufa.

"Kambale," nikasema, "mukubwa yako amesema."

Munanijua, mimi ni mutu wa kujisifu. Pale nilifunga mudomo. Sikuongeza kwamba ni mimi nilimusemesha.